Tumefunga kisima, tukauza nyayo

Mwaka 2025 uliwatikisa watu wanaofanya kazi na ramani na picha za setilaiti. Mwishoni mwa Januari tovuti ya FEWS NET, mtandao wa tahadhari ya njaa ambao Marekani iliuanzisha mwaka 1985, ilizimika baada ya serikali ya nchi hiyo kusitisha fedha za misaada ya nje. Machi, Ukraine ikiwa katikati ya vita, Marekani ikaikatia njia ya kupata picha za kibiashara za setilaiti kupitia mfumo wake wa serikali. Agosti 26 ikafungwa HIFLD Open, hazina ya serikali ya Marekani ya data za hospitali, vituo vya zimamoto, madaraja na njia za umeme ambayo wapangaji wa shughuli za uokoaji waliitegemea. Matukio matatu ndani ya miezi minane, na hitimisho likaenea haraka: data huria, yaani zinazoachiwa yeyote azitumie bure, ilikuwa hadaa, aliyekupa bure atakunyang'anya bure, basi kila nchi ijifungie ramani zake na kila taasisi ikalie data zake.

Naona hitimisho hilo limesoma matukio kinyume. Tatizo letu halijawahi kuwa uwazi kupita kiasi. Tatizo ni kwamba tumeuweka uwazi mahali pasipo pake. Data za ardhi, yaani misitu, mito, mvua, barabara na mabonde yanayofurika, ambazo zinapaswa kuwa kama kisima cha kijiji kizima, ndizo zinazowekewa kufuli kwa jina la usalama. Data za nyayo za watu, yaani nani alikuwa wapi, saa ngapi, akitoka wapi, ambazo zilistahili kulindwa kuliko zote, zimekuwa zikiuzwa sokoni kama njugu. Mjadala wa maadili ya teknolojia ya kijiografia utaendelea kuzunguka palepale iwapo tutazidi kuulizana kama data ziwe wazi au zifungwe, bila kwanza kuuliza ni data za nini na zinamgusa nani.

Turudi kwenye matukio yale matatu, maana kila moja lina somo lake na hayafanani. Picha ambazo Ukraine ilikatiwa Machi 2025 hazikuwa data huria hata siku moja. Zilikuwa picha za kampuni, zikiwemo za Maxar, zilizonunuliwa na serikali ya Marekani na kugawiwa kwa akaunti zenye ruhusa. Mwenye kutoa akaunti alizifunga akaunti, basi. Siku hiyohiyo picha za setilaiti za Sentinel-2 za Umoja wa Ulaya ziliendelea kupatikana kwa yeyote mwenye intaneti, awe Kyiv au kwingineko, bila kuomba ruhusa ya mtu. Ubora wake ni mdogo zaidi, nakubali. Lakini atakayetumia kisa hiki kuonyesha kwamba uwazi hautegemeki ametumia mfano wa mlango uliokuwa na ufunguo tangu mwanzo. Kisa cha HIFLD ni tofauti. Hizo zilikuwa wazi kweli, na kwa kuwa zilikuwa wazi kisheria, watu walizinakili kabla ya siku ya kufungwa. Hakuna aliyelazimika kuiba. Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya hisani na leseni: mwenye hisani akighairi, huna pa kushtaki, ila nakala iliyotolewa kwa leseni huria haiwezi kuitwa irudi.

FEWS NET ndiyo inayoonyesha udhaifu halisi. Ramani za zamani za hali ya chakula ukiwa nazo unazo. Kilichokosekana ilipozimika ni ramani ya mwezi uliokuwa unakuja. Hakuna nakala ya picha ambayo bado haijapigwa, na hakuna leseni inayoweza kumlazimisha mtu aendelee kulipa wachambuzi au kurusha setilaiti nyingine. Kwa hiyo anayesema uwazi peke yake hautoshi anasema kweli. Anapokosea ni kwenye dawa anayoiandika, kwani kufungia data zako hakumwongezei mtu yeyote setilaiti ya kesho.

Wanaopendekeza kufunga wanasahau pia kwamba dunia ilishawahi kuishi namna hiyo, na si zamani sana. Setilaiti ya kwanza ya Landsat, mradi wa Marekani wa kuipiga picha ardhi ya dunia, ilirushwa Julai 1972. Mwaka 1984 Marekani ikapitisha sheria ya kuukabidhi mradi huo kwa biashara binafsi, na bei ya picha moja ikapanda hadi dola elfu kadhaa. Vyuo vikuu vikaanza kuhesabu picha kama mtu anavyohesabu vidonge vya dawa ya gharama: moja ya mwaka huu, moja ya miaka kumi baadaye, kilichotokea katikati unakikisia. Serikali iliporudisha usimamizi na kurusha Landsat 7 mwaka 1999, bei ilishuka hadi dola 600. Mwaka 2008 ikaondolewa kabisa, na kuanzia hapo mtu yeyote angeweza kupakua hazina yote tangu 1972.

Kuelewa uzito wa uamuzi ule, chukua kazi moja tu. Novemba 2013 kundi la watafiti lililoongozwa na Matthew Hansen wa Chuo Kikuu cha Maryland lilichapisha ramani ya kwanza ya dunia nzima inayoonyesha, kwa kila kipande cha mita 30, msitu uliopotea na uliorudi kati ya 2000 na 2012. Walitumia picha 654,178 za Landsat 7. Zidisha kwa dola 600: zaidi ya dola milioni 392 za kununua malighafi tu, kabla hujalipa kompyuta wala mshahara wa mtu. Hakuna taasisi ya utafiti ambayo ingetoa fedha hizo. Kazi ile isingefanyika kwa gharama kubwa wala kwa gharama ndogo, isingefanyika kabisa. Leo serikali, wanakijiji, waandishi wa habari na wanaharakati wanatumia ramani zilizotokana nayo kubishana kuhusu ukataji miti wakiwa wote wanatazama picha ileile. Hata anayepinga matokeo yake anaweza kwenda kwenye picha zenyewe akakagua. Ukweli wa aina hiyo, unaoweza kukaguliwa na adui yako, hauzaliwi ndani ya kabati lililofungwa.

Mambo mengine mawili ya miaka ile yanaelekea upande huohuo, na nayapitia kwa haraka. Usiku wa kuamkia Mei 2, 2000 Marekani iliacha kuiharibu kwa makusudi ishara ya GPS iliyotolewa kwa raia, na kosa la takriban mita 100 likashuka hadi mita kumi au ishirini. Kila huduma ya usafiri na kila gari la wagonjwa linaloelekezwa kwa simu leo limejengwa juu ya uamuzi huo. Kisha Umoja wa Ulaya, ulipoanza kurusha setilaiti za Sentinel mwaka 2014, ukaziweka data zake wazi bila malipo tangu siku ya kwanza.

Kutokuwepo kwenye ramani nako kuna gharama yake, na wapenzi wa kufuli hawaizungumzii. Januari 12, 2010 tetemeko lilipoibomoa Port-au-Prince nchini Haiti, ramani za kidijitali za mji ule kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, zilikuwa na barabara kuu chache na nafasi tupu nyingi. Waokoaji walifika na majina ya mitaa ambayo hawakujua pa kuyaweka. Kampuni za setilaiti zikaachia picha zilizopigwa baada ya tetemeko, na mamia ya watu wa kujitolea katika nchi mbalimbali wakakaa usiku kucha wakichora juu yake: barabara hii, kichochoro kile, jengo hili limelala, uwanja huu umejaa mahema. Kwa siku chache ukatokea mji mzima, uliochorwa na watu ambao wengi wao hawakuwahi kufika huko, na timu za uokoaji zikaupakia kwenye vifaa vyao vya GPS. Yule aliyekuwa chini ya kifusi katika mtaa usiokuwa na jina kwenye ramani hakuwa amelindwa na kutoonekana kwake.

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni: hoja ya usalama si ya kupuuzwa yote. Katika vita, picha ya leo yenye kuonyesha magari yamesimama wapi inaweza kuua watu usiku wa leo, na sioni ubaya kampuni ikichelewesha picha za aina hiyo kwa siku kadhaa. Ila hoja inayotolewa kwa kawaida ni pana kuliko hapo. Inasema kwamba ramani za mabwawa, barabara, hospitali na minara zikiwa wazi, mhalifu atazitumia, kwa hiyo zifungwe zote. Hoja hii ndiyo dhaifu kuliko zote, na imeshapimwa. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, taasisi ya utafiti ya RAND ilipewa kazi ya kuchunguza data za kijiografia zilizokuwa wazi kwenye mashirika ya serikali kuu ya Marekani. Ripoti yake ya mwaka 2004 ilipitia hazina 629. Zilizoonekana kuweza kumfaa mshambuliaji hazikufika asilimia 6, na ambazo zilikuwa na manufaa hayo huku hazipatikani popote pengine hazikufika asilimia 1. Mshambuliaji anahitaji kujua mlinzi anabadilishana zamu saa ngapi. Ramani ya mto haimwambii. Anayeihitaji ramani ya mto ni mhandisi wa madaraja, na huyo ndiye anayepewa fomu ya maombi yenye mihuri mitatu.

Tena kufuli lenyewe huwa la kujidanganya. Sheria ya Marekani ya mwaka 1996, inayojulikana kama marekebisho ya Kyl-Bingaman, ilizikataza kampuni za nchi hiyo kuuza picha za Israel zilizo na undani kuliko zile zinazopatikana kwa wauzaji wengine, na kwa miaka mingi kikomo kikawa mita 2 kwa kila nukta ya picha. Watafiti wa mambo ya kale walihangaika kufuatilia uharibifu wa maeneo ya kihistoria, na mashirika ya haki za binadamu yakashindwa kuhesabu nyumba zilizobomolewa. Wakati huohuo kampuni za nchi nyingine zikawa zinauza picha za eneo hilohilo zikiwa na undani mkubwa zaidi. Mwaka 2020 Marekani ilikiri hali halisi na kushusha kikomo hadi mita 0.4. Aliyefichwa kwa miaka ishirini na zaidi ni raia na mtafiti. Jeshi lolote lenye fedha liliona kila kitu.

Sasa tugeukie upande wa pili, ambako wengi wanaojali uwazi, na mimi nikiwemo, tulichelewa kuamka. Picha ya Sentinel-2 ina nukta za mita 10 kwa mita 10. Nyumba ya kawaida na uwanja wake ni nukta moja au mbili za rangi ya kijivu. Mtu haonekani, gari halionekani. Linganisha na jedwali la data za simu. Lina safu nne: namba ya kifaa, latitudo, longitudo, saa. Hakuna jina popote. Tarakimu ya tano baada ya nukta ya desimali katika latitudo inabeba takriban mita moja, kwa hiyo jedwali hilo halisemi tu uko mji gani, linasema uko upande gani wa ukuta. Chukua namba moja ya kifaa, panga mistari yake kwa saa. Kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri nukta zinarundikana mahali pamoja: hapo ndipo anapolala. Kuanzia saa tatu asubuhi zinarundikana kwingine, siku tano kwa wiki: hapo ndipo anapofanya kazi. Kila Jumanne ya pili anakaa dakika hamsini kwenye jengo lenye kliniki. Ijumaa moja hakulala kwake. Niliwahi kuwekewa jedwali la namna hii katika mafunzo, na nikalifunga kabla ya nukta ya thelathini, kwa sababu nilikuwa nimeanza kumjua mtu ambaye hakujua kwamba nipo.

Ndiyo maana hoja ya kampuni, kwamba data zimeondolewa majina na hivyo ni salama, haina miguu. Mwaka 2013 Yves-Alexandre de Montjoye na wenzake walichambua miezi 15 ya data za simu za watu milioni 1.5 na kukuta kwamba nukta nne tu za mahali na saa zinatosha kumtofautisha mtu mmoja na wengine wote kwa asilimia 95 ya watu hao. Walipojaribu kuzififisha data, kwa kupanua maeneo na kuunganisha saa, ulinzi uliongezeka kwa kiasi kidogo sana. Desemba 2019 gazeti la The New York Times lilichapisha uchunguzi wa faili moja lililovujishwa kwao: nukta zaidi ya bilioni 50 za simu za Wamarekani zaidi ya milioni 12, na waandishi waliweza kuwafuata watu mashuhuri hadi majumbani mwao. Hata kujumlisha watu wengi katika picha moja hakutoshi. Novemba 2017 kampuni ya Strava, yenye programu ya kurekodi mazoezi, ilitoa ramani inayong'aa zaidi pale watumiaji wake duniani wanapofanya mazoezi kwa wingi, haina jina wala namba ya mtu. Januari 2018 mwanafunzi wa Australia, Nathan Ruser, akaonyesha kwamba katikati ya majangwa yenye giza ramani hiyo inang'aa kwa vijiduara vya wanajeshi wanaokimbia kuzunguka kambi zao.

Inanisikitisha kuona wanaofunga ramani za mito kwa jina la usalama ndio wateja wa data hizi. Juni 2018 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Carpenter, kwamba polisi wanahitaji kibali cha hakimu kupata historia ya mahali simu ilipokuwa. Haikupita miaka miwili, vyombo vya habari vikafichua kwamba idara za serikali hiyohiyo zinanunua data za mahali kwa madalali, njia isiyopita kwa hakimu, na ripoti ya ofisi ya ujasusi ya nchi hiyo iliyowekwa wazi Juni 2023 ilikiri ununuzi wa taarifa za namna hii zinazohusu raia. Kwa upande wa udhibiti, ni Januari 2024 tu ambapo tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilimzuia kwa mara ya kwanza dalali wa data, X-Mode, kuuza data za maeneo nyeti kama vituo vya afya na nyumba za ibada. Miaka mingi ilipita bila kufuli hata moja kwenye mlango uliohitaji kufuli.

Hoja ya kweli dhidi yangu, ambayo sitaki kuipita juujuu, ni kwamba mstari ninaouchora kati ya ardhi na mtu haunyooki. Ardhi ina wenyewe. Jimbo la Karnataka nchini India lilipoziweka kwenye kompyuta hati za ardhi takriban milioni 20 za wakulima wake kupitia mradi wa Bhoomi, lengo lilikuwa jema: kuondoa rushwa ya karani wa kijiji. Watafiti wakiongozwa na Solomon Benjamin waliandika mwaka 2007 kwamba waliofaidika zaidi ni wanunuzi wakubwa waliokuwa na mawakili na fedha za kusoma rejista hiyo, kuona wapi hati ina kasoro na kuwahi kabla ya maskini kujua. Data zilikuwa wazi kwa wote kwa usawa. Uwezo wa kuzitumia haukuwa sawa. Viumbe nao wamelipa. Mjusi aina ya Goniurosaurus luii alipoelezwa kisayansi mwaka 1999 na eneo lake kutajwa, wakusanyaji wa kuuza waliwahi na kummaliza pale alipopatikana kwanza. Na kati ya 2006 na 2009 jamii za Wazapoteki wa Oaxaca, Meksiko, zilishirikiana na wanajiografia wa Marekani kuchora ardhi zao, kisha zikagundua kwamba fedha zilitoka katika ofisi ya jeshi la Marekani. Walisema hawakuwa wameambiwa wazi, na walipolalamika hadharani Januari 2009 ramani zilikuwa zimeshatoka mikononi mwao.

Visa hivi vinanilazimisha kurekebisha msimamo wangu, wala siutupi. Kipimo hakiwezi kuwa kilichomo kwenye picha tu. Lazima tuulize pia ni nani anaweza kuumia data zikitoka, na kama anayo nafasi ya kusema hapana. Msitu wote wa bonde ukionekana kwa nukta za mita 10, huwezi kumtaja aliyeumia. Kiota cha ndege adimu, kaburi la wazee, kisima kitakatifu na hati ya shamba la mjane vinaweza kutajiwa mwathirika wao mapema kabisa, kabla faili halijapakiwa. Kwa vitu hivyo kuna njia kati ya kufungua na kufunga, na zinafanya kazi kila siku. Jukwaa la iNaturalist, kwa mfano, linapoonyesha kiumbe aliye hatarini husogeza nukta yake kiholela ndani ya mraba wa nyuzi 0.2, kama kilomita 22 kwa upande karibu na ikweta: mtafiti bado anajua spishi ipo ukanda huo, jangili hajui mti gani. Mwaka 2019 wanazuoni wa jamii za asili walitoa kanuni zinazoitwa CARE, na msingi wake ni kwamba jamii inayohusika na data iwe na mamlaka juu yake na ifaidike nayo. Hizo hazipingani na data huria. Zinaongeza swali ambalo sisi watu wa ramani tulilisahau kwa furaha ya kupata picha za bure.

Na tusiwaache wakulima wa Bhoomi nyuma kwa haraka hivyo. Kisa chao hutumiwa kama hoja ya kufunga, lakini rejista ikirudi kabatini anayefaidika ni karani yule wa zamani na tajiri anayemjua. Walichokosa ni mtu wa kuwasomea rejista upande wao: msaidizi wa sheria, ofisi ya kijiji yenye mtaalamu wa ramani, muda wa kusahihisha kasoro kabla hati haijaonekana na wanunuzi. Fedha za miradi ya data karibu zote huishia kwenye kuchapisha, na zinazobaki za kuwafundisha walio chini huwa ndogo mno. Ningebadilisha uwiano huo kabla ya kubadilisha kitu kingine chochote.

Akili mnemba imeleta toleo jipya la hofu ileile. Julai 2025 Google DeepMind ilitangaza AlphaEarth Foundations, mfumo unaofupisha mwaka mzima wa picha za setilaiti kuwa namba 64 kwa kila kipande cha ardhi cha mita 10. Ulijengwa kwa kiasi kikubwa juu ya data za umma, zikiwemo Sentinel na Landsat. Namba hizo zilitolewa bure kwa miaka ya 2017 hadi 2024, lakini chombo kinachozitengeneza kikabaki mikononi mwa kampuni. Wako wanaosema huu ndio ushahidi kwamba uwazi ni kuwalisha wenye nguvu. Nadhani wanalaumu kisima kwa sababu jirani ana pampu. Picha za Landsat hazikupungua hata moja kwa kusomwa na mashine ya Google, na data zilezile ziliwawezesha NASA na IBM kutengeneza mfumo wao wa Prithvi na kuuweka wazi pamoja na chombo chenyewe Agosti 2023. Kinachonitia wasiwasi ni kingine: mtafiti akizoea namba 64 asizoweza kuzikagua, akaacha kufungua picha zenyewe, tutapoteza ule ubishi wa haki nilioutaja kwenye ramani ya misitu. Siku kampuni ikiamua namba za mwaka unaofuata zinauzwa, tutakuwa tumerudi mwaka 1984 kwa mlango wa nyuma. Masharti ya leseni yanaweza kusaidia. OpenStreetMap tangu 2012 hutumia leseni inayomtaka anayechapisha hifadhidata iliyojengwa juu ya yake aiachie kwa masharti yaleyale, na sioni kwa nini serikali zinazolipia setilaiti zisijadili sharti linalofanana na hilo kwa mifumo inayofunzwa kwa picha zao.

Kwa data za nyayo, msimamo wangu ni mkali zaidi: biashara ya kuuza historia ya mahali alipokuwa mtu kwa mtu wa tatu ipigwe marufuku, bila kujificha nyuma ya kisanduku cha kukubali masharti ambacho hakuna anayekisoma. Wataalamu waliotuambia kwamba haiwezekani kutoa huduma za ramani bila kukusanya nyayo zote katika seva moja walijibiwa na Google yenyewe, Desemba 2023, ilipotangaza kwamba historia ya mahali itahifadhiwa ndani ya simu ya mtumiaji na kwa kawaida itafutwa baada ya miezi mitatu badala ya 18. Polisi waliozoea kuomba orodha ya simu zote zilizopita mtaa fulani walijua mara moja maana ya badiliko hilo. Ikiwa kampuni kubwa kiasi hicho imeweza, dalali wa data hana cha kujitetea.

Kwa data za ardhi kilichobaki ni kuhakikisha picha za kesho zinapigwa. Landsat 5 ilirushwa mwaka 1984 ikitarajiwa kufanya kazi miaka mitatu, ikafanya hadi 2013, na kwa vipindi fulani ndiyo iliyoziba pengo peke yake baada ya Landsat 6 kushindwa kufika angani mwaka 1993. Mfululizo wa zaidi ya miaka 50 tunaojivunia ulinusurika kwa sehemu kubwa kwa sababu ya mashine moja iliyokataa kufa. Leo zinazofanya kazi ni Landsat 8 ya mwaka 2013 na Landsat 9 ya mwaka 2021, pamoja na Sentinel za Ulaya na NISAR ya Marekani na India iliyorushwa Julai 2025. Mrithi wa Landsat amekuwa akipunguzwa kwenye mapendekezo ya bajeti. Nchi zinazotumia picha hizo bila kuchangia hata senti zingeweza kuanza kwa kulipia vituo vya kuhifadhi nakala kamili katika kila bara, na kuingia kwenye vikao vinavyoamua setilaiti zijazo zikiwa wachangiaji. Vikao hivyo vinaendelea sasa, na viti vingi ni vitupu.